Ziwa la magadi linalofungua lango kila Oktoba

*Katika jangwa la Mojave nchini Marekani, kiwanda cha magadi huwaruhusu wananchi kuingia ziwani kwa wikendi moja na kuondoka na fuwele walizozichimba kwa mikono yao. Je, Ziwa Magadi la Kajiado haliwezi kufanya vivyo hivyo?*

TRONA, California

Tope ni jeusi ti, ni zito, na linanuka yai viza. Malori yamelimwaga kwa marundo juu ya uso mweupe wa ziwa lililokauka. Saa tatu asubuhi msafara mrefu wa magari unaingia ukitimua vumbi la chumvi, watu wanashuka, na marundo yanavamiwa. Wamo wazee wenye mitaimbo, akina mama wenye ndoo na vijana wenye nyundo. Dakika kumi hazijapita, huwezi tena kujua mtoto yupi alivaa nguo ya rangi gani.

Mzee mmoja aliyepiga magoti karibu nami hana haja na nyundo. Anapapasa ndani ya tope kwa vidole, polepole, mpaka anagusa kitu kigumu. Anakitoa, anakipeleka kwenye hodhi la maji mazito ya chumvi na kukisugua kwa brashi ya kufulia. Tope linatoka, na chini yake inaonekana fuwele ya kijani kibichi kilichofifia, yenye pande sita, ncha zake mbili zimechongoka kana kwamba fundi amekaa nayo juma zima. Mzee anaigusa kwa ulimi. Ina chumvi. Anampa mjukuu wake, naye anailamba.

Hiyo ndiyo hanksaiti, madini yanayowaleta watu hapa. Sehemu zinazotoa fuwele zake nzuri duniani ni chache mno, na hii ndiyo inayojulikana kuliko zote. Ni madini yanayodai adabu yake: ukiisuuza kwa maji ya bomba, unaiyeyusha mkononi. Ndiyo maana mahodhi yale yamejazwa maji ya ziwa lenyewe, ambayo yameshiba chumvi kiasi kwamba hayawezi kuyeyusha zaidi.

Tamasha lenyewe linaitwa Gem-O-Rama. Huandaliwa na chama cha wakusanyaji wa mawe na madini cha Searles Lake, kwa kawaida wikendi ya pili ya Oktoba, jua la jangwa linapoanza kulegea. Jumamosi asubuhi ni ya tope, mchana ni wa shimo la kulipuka, na Jumapili ni ya chumvi ya waridi. Siku nyingine zote za mwaka, ziwa hili ni eneo la kazi la kiwanda, na mpita njia hana ruhusa ya kukanyaga.

Ziwa lisilo na maji

Trona ni mji mdogo wa watu wasiofika 2,000, umbali wa saa tatu hivi kwa gari kutoka Los Angeles. Kiangazi, joto hupita nyuzi 40 kwa urahisi. Ardhi ina chumvi nyingi mno hata nyasi zinakataa kumea. Uwanja wa soka ya Kimarekani wa shule ya sekondari ya hapa ni mchanga mtupu, na vijana wanacheza humohumo.

Enzi za barafu, bonde hili lilikuwa ziwa halisi lenye kina. Mto Owens ulijaza bonde la juu, likafurika kwenda la pili, likafika hapa Searles, kisha maji yakaendelea kuelekea Panamint na Death Valley. Hali ya hewa ilipobadilika, maji yakapungua na chumvi zikabaki nyuma, tabaka juu ya tabaka, zikitenganishwa na matope. Ushahidi wa kina cha zamani uko kusini mwa mji: zaidi ya minara 500 ya mawe ya chokaa iliyojijenga chini ya maji na sasa imesimama kwenye nchi kavu, mingine ikifika mita 40.

Ndani ya matabaka hayo ya chumvi mna maji mazito yaliyojificha, nayo ndiyo utajiri wenyewe. Miaka ya 1860 John Searles aligundua boraksi hapa, na kuanzia 1873 akawa anaisafirisha kwa mikokoteni iliyovutwa na nyumbu. Vita Kuu ya Kwanza ilipokata potashi ya Ujerumani, Marekani ililigeukia ziwa hili kwa mbolea. Mji ulijengwa na kampuni katika miaka hiyohiyo, na reli yake ikaanza kazi 1914.

Leo kampuni ya Searles Valley Minerals, inayomilikiwa na Nirma ya India, huyavuta maji hayo kutoka chini na kuyageuza kuwa boraksi, chumvi, salfeti ya sodiamu na magadi yanayotumika kutengeneza kioo na sabuni.

Naam, magadi. Trona, madini yaliyoupa mji huu jina, ndiyo yale magadi tunayoyajua sokoni: bonge la kijivu ambalo bibi hulitia kidogo kwenye sufuria ya maharage ili yaive upesi, na ambalo wavuta ugoro hulisaga pamoja na tumbaku. Mkenya akisimama katikati ya Searles Lake na kufumba macho, pua yake itamwambia yuko Kajiado.

*Siku nyingine zote za mwaka, mpita njia hana ruhusa ya kukanyaga ziwa.*

Shimo na waridi

Mchana wa Jumamosi, umati unahamia kwenye shimo. Mtambo wa kuchimbia umesimamishwa juu ya bomba lililoteremshwa hadi kwenye tabaka la chini. Hewa ya shinikizo inasukumwa ndani, na ghafla mnara wa maji ya chumvi unapaa angani, ukibeba fuwele zilizong'olewa gizani. Watu wanasubiri nyuma ya kamba. Mtambo ukizimwa, kamba inashushwa na kila mmoja anainama.

Fuwele za hapa ni ndogo kuliko za topeni, lakini ni angavu, na nyingine unaona upande wa pili kama kioo safi. Nimewaona watu wazima, wenye mvi, wakizinyanyua kuelekea jua moja baada ya nyingine na kusahau kabisa kwamba maji ya chumvi yanawachuruzika mgongoni.

Hata hivyo, kwa macho yangu, siku kubwa ni Jumapili. Magari yanaelekezwa kwenye madimbwi ya kina kifupi ambako jua limeyakausha maji mpaka chumvi ikaganda kwa maumbo ya mchemraba, rangi ya waridi iliyokolea. Rangi hiyo haitokani na jiwe. Inatokana na vijidudu vinavyopenda chumvi, ambavyo hujikinga na jua kali kwa kutengeneza rangi nyekundu. Chumvi inapoganda, inavifunga humo ndani.

Unaingia majini kwa buti, unachomeka mtaimbo chini ya ukoko, unabinua. Kama una mkwaruzo mkononi, utaujua mara moja. Ukitoka na kusimama kwa dakika chache, maji yanakauka na suruali inakuwa ngumu, nyeupe, inatoa sauti unapotembea. Wenyeji wanaokuja kila mwaka wana viatu vya kazi hii tu, na hawaviingizi ndani ya nyumba.

Wakusanyaji wanajua pia kwamba uzuri huu una muda wake. Waridi hupauka likiachwa kwenye mwanga. Chumvi hunyonya unyevu wa hewa; jiwe linalodumu miaka ndani ya kabati la Arizona, likiwa Mombasa au Dar es Salaam lingetoa jasho hadi likaisha. Wengine hulipaka mafuta mepesi kulinda uso wake.

Mji mmoja, bomba moja

Tamasha hili linategemea kitu kimoja: kiwanda kikubali. Kinatoa ardhi, mitambo na wafanyakazi wake. Kiwanda kikifungwa, hakuna wa kuchimba tope wala wa kuendesha mtambo wa shimo, na pengine hakuna mji.

Hofu hiyo si ya kufikirika. Julai 2019 matetemeko mawili ya ardhi, la ukubwa wa 6.4 na kisha 7.1, yaliupiga ukanda huu. Nyumba zilipasuka, mabomba yakakatika, watu wa Trona wakakaa siku kadhaa wakiletewa maji ya chupa.

Maji ndiyo kidonda kikubwa zaidi. Ziwa lina maji ya chumvi. Maji matamu ya kiwanda na ya majumbani huja kwa bomba kutoka bonde jirani la Indian Wells, uliko mji wa Ridgecrest. Bonde hilo limevutwa kupita kiasi: maji yanayotolewa chini ya ardhi yanayazidi kwa mbali yale yanayorudishwa na mvua na theluji. Sheria ya California ya 2014 inataka mabonde ya aina hiyo yarudishe uwiano ifikapo 2040.

Mamlaka ya maji ya bonde hilo ilipitisha 2020 ada ya dola 2,130 kwa kila ekari-futi, yaani takriban mita za ujazo 1,233. Mamlaka inasema fedha hizo ni za kuleta maji kutoka nje, kwa sababu bila hayo visima vya kila mtu vitakauka. Kampuni ilikwenda mahakamani. Inasema imekuwa ikivuta maji hayo tangu kabla wengine hawajafika, na kwamba mzigo huo unatosha kuua kiwanda pamoja na mji unaokitegemea.

Nauelewa kila upande. Anayeona kisima chake kikishuka mwaka hadi mwaka hawezi kuambiwa asubiri. Lakini pia nimewaona watu wa Trona wakiwauzia wageni chakula kwenye ukumbi wa chama, wakiwaelekeza njia, wakiwafundisha watoto wa mijini kutofautisha hanksaiti na chumvi ya kawaida. Wikendi hii ndiyo inayowafanya watu wa mbali wajue kwamba mji huu upo. Mji unaojulikana haufi kimyakimya.

Na Magadi yetu?

Ziwa Magadi liko zaidi kidogo ya kilomita 100 kusini-magharibi mwa Nairobi, chini kabisa ya Bonde la Ufa. Historia yake na ya Trona zinakaribiana kwa namna ya kushangaza. Kampuni ya Magadi Soda ilianzishwa 1911, na reli ya kutoka Konza ikajengwa kufika ziwani. Mji ulijengwa na kampuni: nyumba, hospitali, shule, bomba la maji. Leo mwenyewe ni Tata Chemicals, naye ni wa India.

Tofauti ni kwamba ziwa letu liko hai. Chemchemi za moto zinaleta maji ya magadi bila kukoma, jua linayakausha, na ukoko unajijenga upya pale ulipochimbwa. Katika chemchemi hizo wamo samaki wadogo ambao asili yao ni hapo. Vijidudu vinavyoyapa maji rangi nyekundu vipo pia, na kimojawapo kimepewa jina la kisayansi la *magadii* kwa sababu kiligunduliwa hapo.

Kuna zaidi. Mwaka 1967 mtaalamu Hans Eugster alitangaza madini mawili mapya kutoka Magadi: magadiaiti na kenyaiti. Kuvuka mpaka kuingia Tanzania, kwenye Ol Doinyo Lengai, mlima pekee duniani unaotapika lava ya kabonati za sodiamu siku hizi, kuna nyerereaiti, madini yaliyopewa jina la Mwalimu Julius Nyerere. Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wanayajua majina haya. Watoto wetu wangapi wanayajua?

*Madini yenye majina ya Magadi, Kenya na Nyerere yako zaidi kwenye makabati ya ng'ambo kuliko kwenye madarasa yetu.*

Wageni wa Nairobi hufika Magadi wikendi, wakatazama heroe, wakaoga kwenye chemchemi, wakapiga picha, wakarudi. Hakuna anayewashika mkono na kuwaambia ukoko wanaoukanyaga ni nini, umetoka wapi, na kwa nini ni mweupe hapa na mwekundu pale.

Wanaosita wana hoja

Nimezipima hoja za upande wa pili, na baadhi ni nzito.

Ya kwanza ni sheria. Nchini Kenya, madini ni mali ya umma chini ya Katiba ya 2010, na Sheria ya Madini ya 2016 inataka kibali kwa kila anayechimba. Raia anayeokota jiwe ziwani na kulitia mfukoni anaweza kujikuta na kesi. Jibu lake si gumu: wizara inaweza kutoa kibali kimoja kwa mwandaaji, kwa siku maalumu, eneo maalumu na kiasi maalumu kwa kila mtu, bila ruhusa ya kuuza.

Ya pili ni usalama. Ukoko wa Magadi una sehemu nyembamba, na chini yake mna maji moto yanayounguza ngozi. Hoja hii ni ya kweli, na ndiyo sababu shughuli iwe juu ya maeneo ambayo mitambo ya kampuni tayari inapita, kama inavyofanyika Trona. Hakuna anayependekeza watu waachiwe ziwa zima.

Ya tatu ni ndege. Mwaka 1962, Ziwa Natron lilipofurika, heroe walihamia Magadi kutotoa. Makinda yalipoanza kutembea, chumvi ikaganda miguuni mwao kwa pete nzito, na maelfu yakafa pale pale. Watu waliojitolea waliingia ziwani wakazivunja pete hizo kwa mikono, wakaokoa maelfu mengine. Ziwa la aina hii halisamehe uzembe. Msimu ambao heroe wanaatamia Magadi, tamasha lisifanyike. Na kwa Natron, ambako heroe wadogo wengi kuliko kwingineko kote duniani huzaliana, jibu langu ni hapana, iwe tamasha au kiwanda. Tanzania ilishapitia mjadala huo mpango wa kiwanda cha magadi ulipoibuka kati ya 2006 na 2008, na waliolitetea ziwa walikuwa sahihi.

Hoja ya nne ndiyo iliyonikaa moyoni. Wamaasai wa Magadi watauliza: mgeni aje kuokota mawe kwenye ardhi ambayo sisi wenyewe tunaingia kwa kuomba? Mwaka ule ule wa 1911 kampuni ilipoanzishwa, Wamaasai walikuwa wakisainishwa mkataba wa pili uliowaondoa Laikipia. Kampuni inashikilia ekari zaidi ya laki mbili kwa mkataba wa kukodi. Kaunti ya Kajiado na kampuni wamevutana mahakamani kuhusu mabilioni ya shilingi ya kodi ya ardhi, hadi kampuni ikatishia kufunga shughuli.

Mwenye nyumba akiwa hajashiba, usimwambie aandalie wageni karamu. Kwa hiyo tamasha la Magadi haliwezi kuwa nakala ya Trona. Kule kampuni na chama cha wakusanyaji walitosha. Hapa mwenyeji lazima awe jamii ya Magadi: lango liwe lao, ada ya magari iingie kwenye mfuko wao, vijana wao ndio wawe waongozaji wanaolipwa. Sheria ya Madini imeshaweka asilimia 10 ya mrabaha kwa jamii. Hii iwe nyongeza yake, isije ikahesabiwa kuwa badala yake.

Nimesikia pia wasiwasi kwamba mchezo wa kuokota mawe ni anasa ya watu wenye nafasi. Sikubali. Nimemwona mtoto akilamba hanksaiti na kumuuliza babu yake kwa nini ina chumvi, na babu akamweleza ziwa lilivyokauka. Somo hilo halikugharimu kitu zaidi ya tope kwenye nguo. Wanafunzi wetu wa jiolojia wanasoma magadi kwenye vitabu vilivyoandikwa ng'ambo ilhali ziwa lenyewe liko mwendo wa saa mbili au tatu kutoka darasani kwao.

Kinachohitajika

Kampuni itapoteza nini? Fuwele zinazobebwa kwenye ndoo za wikendi moja si chochote mbele ya magadi inayoyatoa mwaka mzima. Kitu kitakachoipata ni macho ya watu juu ya kazi yake, na kampuni isiyo na la kuficha haiogopi macho.

Kaunti itapata sababu ya kuketi na kampuni mezani badala ya kukutana nayo mahakamani tu. Jamii itapata mapato ya lango, na zaidi ya hapo, itapata siku ambayo mgeni anaingia ziwani kwa ruhusa yake.

Ombi langu kwa Gavana wa Kajiado, kwa wakuu wa kiwanda na kwa wazee wa Magadi ni wakae pamoja kabla kiangazi kijacho hakijaisha. Waanze kidogo: siku moja, shule chache za Kajiado, eneo moja lililokaguliwa, mtaalamu wa ndege akiwa na kauli ya mwisho kuhusu tarehe. Wizara ya Madini itoe kibali mapema, si usiku wa kuamkia siku yenyewe. Barabara ya lami kutoka Kiserian inafika hadi mjini Magadi.